Tumbo Likijaa Maji: Je, Ni Sindano Inayoua?

"Frateri, usiwaruhusu wamtoe maji. Wakishamtoa tu, tumempoteza."

Aliyeniambia hivyo ni babu yangu mdogo wa upande wa mama, ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Tulikuwa tumesimama kwenye kibaraza cha wodi ya wanaume, mwezi Julai mwaka jana, wakati wa likizo kubwa. Ndani alilala mjomba wangu, mvuvi wa Ziwa Victoria mwenye miaka 46. Mikono yake ilikuwa imekonda kama ya mtoto, lakini tumbo lilikuwa limetuna mpaka kitovu kimetokeza nje. Daktari alikuwa ameomba idhini ya kuingiza sindano tumboni na kutoa maji. Babu akakataa, na alikuwa na ushahidi wake: jirani yetu mmoja alitolewa maji Jumatano, Ijumaa tukamzika. Mwingine wa kijiji cha pili, hivyo hivyo.

Kabla ya siku hiyo, miezi mitatu ilikuwa imeishia kwa mganga wa kienyeji ng'ambo ya ziwa. Ilisemekana mjomba amekula cha mtu. Alikuwa amenunua injini ya mtumbwi iliyokwisha kutumika na hakumalizia deni. Kwetu tumbo lililojaa husomwa hivyo. Mbuzi wawili na wavu mmoja vilikwenda kwa mganga, na tumbo likazidi kukua.

Basi pale kibarazani watu wote wakanitazama mimi. Kijijini kwetu frateri hudhaniwa anajua kila kitu, kwa sababu tu amesoma mbali na huvaa kanzu Jumapili. Nami, niliyekuwa nimefanya mtihani wa mantiki mwezi mmoja kabla, nikasema, "Tusubiri kidogo." Tulisubiri siku tatu. Siku ya tatu mjomba akashikwa na homa na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya siku hizo tatu. Mimi si daktari, ni mwanafunzi wa falsafa. Niliyoandika hapa nimeyapata kwa kuuliza, kusoma, na kukaa na wagonjwa wakati wa utume wetu wa hospitalini. Sista mmoja muuguzi amepitia rasimu yangu na kuisahihisha mahali pengi kuliko ambavyo ningependa kukiri.

Maji hayo yanatoka wapi

Aliyewahi kuchinja mbuzi ameuona utando mwembamba unaong'aa ndani ya tumbo. Sisi pia tunao. Una tabaka mbili: moja limeshikamana na ukuta wa tumbo, jingine limevika utumbo, ini na viungo vingine. Katikati ya tabaka hizo huwa kuna unyevu kidogo tu wa kulainisha, ili utumbo uteleze bila kukwaruzana. Unyevu huo hutoka na kurudi kwenye damu kila siku bila sisi kujua. Tatizo huanza pale maji yanapotoka kwa wingi kuliko yanavyorudi.

Madaktari huiita hali hiyo asaitisi. Waliosoma Kigiriki kidogo watalitambua neno askos, yaani kiriba, kile kile cha divai tunachokisoma katika Injili. Na yule mtu mwenye safura ambaye Yesu alimponya siku ya Sabato, katika sura ya 14 ya Luka, alikuwa na ugonjwa wa aina hii wa mwili kujaa maji. Luka anamtaja kwa neno la Kigiriki lililotokana na maji. Watu wameliona jambo hili tangu kale; kulielewa ndiko kulikochelewa.

Mara nyingi chanzo chake ni ini. Damu yote inayotoka kwenye utumbo na kwenye bandama hukusanywa na mshipa mmoja mnene unaoingia moja kwa moja kwenye ini, ili chakula kilichosagwa kikashughulikiwe huko kwanza. Ini lenye afya ni laini, damu hupenya ndani yake bila shida. Lakini ini lililoumizwa kwa miaka mingi hujaa makovu, likawa gumu na lenye vinundu. Damu inafika mlangoni, njia imebana. Shinikizo linapanda nyuma yake kama maji ya mfereji uliozibwa na matope: yasipopata njia mbele, yatafurika pembeni. Bandama huvimba, mishipa ya koo la chakula hutuna, na majimaji huanza kuvuja kuingia tumboni.

Jambo la pili ni protini iitwayo albumini. Inatengenezwa na ini, na kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa. Ini likichoka, albumini hupungua, na maji hukosa wa kuyashikilia.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza zaidi. Ini linapokuwa bovu, mishipa ya damu ya eneo la tumbo hulegea na kupanuka, hivyo damu nyingi hutuama huko. Figo zikipima damu inayozifikia zinaona imepungua, na kwa jinsi zilivyoumbwa, zinaamini mwili umekauka. Basi zinaanza kubana chumvi, na chumvi huvuta maji. Mgonjwa anazama katika maji huku figo zake zikiamini kuna ukame. Msomaji alishike hili, kwa sababu dawa na chakula cha mgonjwa huyu vinategemea hapo.

Hata hivyo si kila tumbo la maji ni la ini. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji huanza kwa kawaida miguuni na baadaye kupanda tumboni, na mishipa ya shingo hutuna. Figo zinazovujisha protini kwenye mkojo huvimbisha mwili mzima, hasa uso wakati wa asubuhi. Saratani ya ovari, ya tumbo au ya ini lenyewe inaweza kusambaa kwenye ule utando na kuufanya utoe majimaji.

Kisha kuna kifua kikuu cha tumbo, ambacho watu wengi hawajui kama kipo. Katika wodi ya wanawake nilikutana na binti wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu tumbo lilikuwa limekua. Alipimwa mimba mara tatu, mara zote hana. Mama yake aliniambia kwamba kwa wiki mbili hakuzungumza na binti yake, kwa hasira. Alipotolewa maji kidogo na kupimwa, ikaonekana ni kifua kikuu kilichoshika utando wa tumbo, ingawa hakuwa akikohoa hata kidogo. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa zile zile za kifua kikuu, kwa kawaida kwa miezi 6, na hupona. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amerudi shuleni. Isingekuwa ile sindano, nani angejua?

Kwetu, ini huharibiwa na nini

Ukanda wa ziwa una wauaji wa ini ambao hawapigi kelele. Wa kwanza ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Wengi hukipata wakiwa wachanga, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao katika miaka ya mwanzo. Anayekipata akiwa mchanga ana uwezekano mkubwa sana wa kubaki nacho maisha yote, ilhali mtu mzima mara nyingi hukishinda mwenyewe. Kirusi hukaa kimya miaka 20 au 30, mtu akivua, akilima, akioa, na ini likijengeka makovu polepole. Hupita pia kwa damu, kwa wembe wa kuchangia na kwa kujamiiana. Chanjo ipo; watoto wetu hupewa ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya chanjo hiyo kuenea, kama mjomba, hawakuipata.

Wa pili ni kichocho, kile cha utumbo. Mvuvi anasimama majini kutwa, vijidudu kutoka kwa konokono wanapenya ngozi. Minyoo hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Baadhi ya mayai hutoka na choo, mengine hubebwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa, na mwili ukayazungushia makovu. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo, aliikuta minyoo ya kichocho katika damu ya mshipa ule ule unaoingia kwenye ini, alipokuwa akipasua maiti. Dawa ya kuua minyoo hiyo, prazikwanteli, ni rahisi na hutolewa mashuleni, lakini makovu yaliyokwisha kukomaa haiwezi kuyafuta yote.

Pombe kali, hasa gongo, haina haja ya maelezo marefu. Kila kijiji kina mfano wake. Afadhali niseme kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini, na ikiingia nyingi kwa mara moja hulipiga ini ghafla. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, macho yakawa ya njano na wengine matumbo yakajaa, na baadhi walifariki. Chanzo kilionekana kuwa mahindi. Fikiria familia moja inayokula ghala moja, watu watatu wamevimba matumbo katika mwezi mmoja. Ni rahisi kiasi gani kumtafuta mchawi!

Hoja ya babu

Katika somo la mantiki tunafundishwa kosa moja la kufikiri linaloitwa kwa Kilatini post hoc, ergo propter hoc: jambo hili limekuja baada ya lile, kwa hiyo limesababishwa na lile. Jogoo anawika, kunapambazuka. Hakuna anayesema jogoo ndiye aliyelivuta jua. Lakini mgonjwa anatolewa maji, anafariki, na ukoo mzima unasema sindano imemuua. Nililijua kosa hilo kwa jina lake la Kilatini, nikalijibu vizuri kwenye karatasi ya mtihani, na lilipokuja limevaa koti la babu yangu sikulitambua.

Baadaye nilikwenda kumuuliza mjane wa yule jirani. Mumewe alikaa na tumbo hilo miezi minane. Wiki aliyopelekwa hospitali alikuwa ametapika damu mara mbili na alikuwa hapati mkojo. Jumatano alitolewa maji kwa sababu alikuwa hawezi kuvuta pumzi akilala. Kati ya yote yaliyompata, sindano ilikuwa la mwisho, na ndilo lililokumbukwa kwa sababu lilionekana kwa macho.

Lakini nisiwe mwepesi wa kumcheka babu, maana hofu yake ina punje ya ukweli. Maji mengi yakitolewa kwa mara moja, tuseme zaidi ya lita 5, mzunguko wa damu unaweza kuyumba saa au siku chache baadaye na figo zikashindwa kazi. Ndiyo maana mgonjwa wa ini anayetolewa maji mengi hupewa albumini kwa dripu, takribani gramu 8 kwa kila lita iliyotoka. Albumini ni ghali na si kila hospitali huwa nayo. Ikikosekana, madaktari hutoa maji kwa kiasi kidogo zaidi. Vifaa visipokuwa safi, vijidudu huingia. Kutokwa damu kwingi hutokea pia, ila kwa nadra sana, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa ana haki kamili ya kumuuliza daktari: mtatoa lita ngapi, na mtamrudishia nini? Hilo ni swali zuri kuliko kukataa.

Ludwig van Beethoven, ambaye wanakwaya wetu humpenda, alikufa na tumbo la maji huko Vienna tarehe 26 Machi 1827. Alitobolewa mara nne, mara ya kwanza ikiwa Desemba 1826, kwa vifaa vya wakati ambao hakuna aliyejua habari za vijidudu, na kidonda chake kikapata uchafu. Mtu angeweza kusema hapo pia kwamba ni sindano. Lakini mwili wake ulipopasuliwa, ini lilikutwa limesinyaa, gumu, limejaa vinundu. Maji yaliyotolewa mara nne yalirudi mara nne, kwa sababu kisima kilikuwa bado kinabubujika.

Hapo ndipo penye kosa jingine, la upande wa pili. Kuna familia zinazokubali maji yatolewe, tumbo likinywea wanafurahi, wanamchukua mgonjwa nyumbani, na yakirudi baada ya wiki mbili wanasema hospitali imeshindwa. Maji ya tumboni ni dalili, kama moshi. Kuyatoa humpa mgonjwa nafasi ya kupumua, kula na kulala. Kinachoyaleta hubaki pale pale mpaka kitafutwe.

Sindano inauliza swali

Nilichokuwa sikijua kibarazani ni kwamba daktari hakutaka kwanza kulimaliza tumbo. Alitaka maji kidogo tu ya kupima. Jambo hilo lilielezwa kwetu kwa haraka na kwa maneno magumu, na hakuna aliyethubutu kuomba lirudiwe.

Kabla ya sindano daktari hulala­za mgonjwa chali na kugongagonga tumbo kwa vidole, akisikiliza wapi panalia kama ngoma na wapi panalia kama gunia la mchanga, kisha humgeuza ubavu aone kama sauti imehama. Maji yakiwa chini ya lita moja na nusu hivi, vidole haviyatambui kwa urahisi; altrasaundi huyaona hata yakiwa machache sana. Kisha ngozi husafishwa, hutiwa ganzi, na sindano huingizwa chini ya tumbo, aghalabu upande wa kushoto. Mjomba alisema ilimuuma kuliko kuumwa na nyuki, ila si kama mwiba wa kambare.

Maji yenyewe huanza kusema kwa rangi. Ya njano na angavu ni ya kawaida kwa ini. Yenye ukungu hutia shaka ya vijidudu. Yenye damu humfanya daktari afikirie saratani, au kifua kikuu. Ya maziwa huonyesha kwamba mishipa ya limfu imeziba au imepasuka. Maabara hupima albumini ya maji na kuilinganisha na ya damu. Tofauti ikifika gramu 11 kwa lita au kuzidi, basi kuna shinikizo katika ule mshipa wa ini. Ikiwa ndogo, wanatazama kwingine: kifua kikuu, saratani, figo. Na wanahesabu chembe nyeupe za aina ya nyutrofili. Zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, maji yameingiwa na bakteria, na dawa huanzishwa siku hiyo hiyo bila kusubiri majibu mengine.

Ya mjomba yalikuwa na ukungu, na chembe zilizidi kiwango hicho mara kadhaa. Maambukizi haya hutokea yenyewe kwa wagonjwa wa ini, bila kidonda wala sindano. Bakteria hutoka kwenye utumbo na kuingia katika maji yaliyotuama. Huua wengi, na kila siku ya kuchelewa huongeza hatari. Siku tatu za "tusubiri kidogo" zilikuwa siku hizo.

Kuhusu maneno yake yasiyoeleweka, mke wa mjomba aliniomba nimwite padre aje kukemea mapepo. Padre alikuja. Alimpa Mpako wa Wagonjwa, akasali nasi, kisha akachukua karatasi ya dawa iliyokuwa imebandikwa kitandani, akatuuliza ipi haijanunuliwa. Ilikuwa laktulosi, ile dawa tamu ya kulainisha choo. Ini linaposhindwa kusafisha sumu zinazotoka kwenye utumbo, hasa amonia, sumu hizo hufika kwenye ubongo. Mtu huchanganya mchana na usiku, mikono humtetemeka, hata humsahau mkewe. Maambukizi na kufunga choo huzidisha hali hiyo. Choo kikipita mara mbili au tatu kwa siku, akili huanza kurudi. Mjomba alirudiwa na zake siku ya nne. Neno lake la kwanza la maana lilikuwa kuniuliza, "Mjomba, mtumbwi uko wapi?" (Mimi na yeye huitana hivyo.) Homa iliposhuka, walimtoa lita 4 za maji ili apate kupumua. Babu alikaa nje muda wote, akishika rozari yake.

Chumvi, magadi na mizani ya dagaa

Kazi kubwa ilianza baada ya kuruhusiwa. Alikutwa na kirusi cha homa ya ini B pamoja na makovu ya kichocho. Alipewa prazikwanteli, na kila siku anameza tenofovia, ambayo hukilaza kirusi bila kukifukuza kabisa, ndiyo maana haipaswi kukatishwa kwa sababu mtu "amepata nafuu". Pombe aliambiwa aache yote, na hata bia moja ya Krismasi imo katika hiyo yote.

Kwa ajili ya maji anatumia vidonge viwili. Spironolaktoni huzuia figo zisibane chumvi, na furosemidi huongeza mkojo. Mara nyingi huanza kwa miligramu 100 za ya kwanza na 40 za ya pili, na daktari huongeza hatua kwa hatua akipima damu, kwa sababu chumvichumvi za mwili zinaweza kuvurugika na figo kuumia. Spironolaktoni huweza kuvimbisha na kuumiza matiti ya mwanamume. Mjomba aliona aibu kulisema hilo, akataka kuacha dawa kimyakimya. Alipolisema, walimpangia upya.

Chumvi ndiyo iliyoleta ugomvi jikoni. Kiasi kinachoruhusiwa kwa siku nzima ni kama kijiko kimoja cha chai, gramu 5 hivi, ukihesabu na iliyomo tayari ndani ya vyakula. Maana yake ni kutoongeza chumvi mezani kabisa na kupika kwa kidogo sana. Mke wa mjomba alipunguza kwa uaminifu, na bado uzito haukushuka. Sista ndiye aliyeuliza: "Maharage mnayapikaje?" Kwa magadi. Hakuna aliyekuwa amefikiria magadi kuwa chumvi, lakini ni sodiamu tupu, na figo hazijali imetoka kwenye pakiti gani. Vivyo hivyo vidonge vya kukolezea mchuzi, samaki wa chumvi, na dawa za kiungulia zinazochemka kwenye glasi. Ladha ikatafutwa kwingine: limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili.

Wengi huwanyima wagonjwa hawa maji ya kunywa. Si lazima, isipokuwa daktari ameona sodiamu ya damu imeshuka sana. Na wengi huwanyima nyama, mayai na maharage wakiogopa "kulichosha ini". Hilo ni kosa linalowakondesha wagonjwa waliokwisha kukonda. Wanahitaji protini, wale mara nyingi kwa kidogo kidogo, na wasilale na njaa. Kikombe cha uji kabla ya kulala kina faida.

Jambo moja naomba lisomwe kwa sauti kwenye jumuiya: mgonjwa wa ini mwenye maji asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa ajili ya mgongo au kichwa. Dawa hizo huzibana figo ambazo tayari ziko hatarini. Dawa za mitishamba nazo, baadhi huliumiza ini lenyewe, na hakuna anayejua kipimo chake.

Uzito hupimwa kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Asiye na uvimbe miguuni asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Mwenye uvimbe anaweza kufika kilo moja. Akipungua kwa kasi zaidi, dawa ni kali mno na figo zinaonewa. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, maji yanarudi. Nyumbani hawana mizani, kwa hiyo mjomba huenda mwaloni na kusimama juu ya ile ya kupimia magunia ya dagaa. Wavuvi wenzake walimcheka wiki ya kwanza. Sasa mmoja wao ndiye anayemwandikia namba kwenye daftari.

Akipata homa, maumivu ya tumbo, akitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukipungua, au akianza kuchanganyikiwa, hapaswi kusubiri kliniki. Anakwenda siku hiyo hiyo.

Sitaki kudanganya kuhusu mbele yake. Vitabu vya tiba husema kwamba wagonjwa wenye ini la makovu wakishafikia hatua ya maji, karibu nusu yao hufariki ndani ya miaka 2 hadi 5, ingawa wale ambao chanzo chao kinadhibitika, kama kirusi kinacholazwa kwa dawa au pombe inayoachwa kweli, wanaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Kupandikizwa ini ndiyo tiba kamili, na kwa mvuvi wa kwetu ni safari isiyofikirika. Daktari alimweleza mjomba haya yote mimi nikiwepo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kuhusu watoto na wadogo zake.

Walipimwa wote mwezi Septemba, kabla sijarudi seminarini. Mkewe hakuwa na kirusi, akaanza chanjo. Watoto wawili wadogo walikuwa wamechanjwa kliniki wakiwa wachanga. Mdogo wake wa mwisho, mwenye miaka 31, fundi baiskeli, amekutwa nacho. Tumbo lake ni bapa na haumwi popote, na alitaka kubisha majibu. Babu ndiye aliyempeleka kliniki ya kwanza, kwa pikipiki, na kumsubiri mpaka alipotoka.